Viungo vya Chakula kwa Ajili ya Moyo, Presha na Sukari: Kiasi Gani, Vipi, na kwa Tahadhari Ipi

Chota kijiko cha chai cha unga wa viungo, kisawazishe kwa mgongo wa kisu, kisha umimine kwenye kisahani. Rudia mara moja au mbili, kutegemea unga wenyewe ni mzito au mwepesi. Hapo una kama gramu 6.6, na ndicho kipimo cha kukilenga kwa siku nzima, kikiwa kimegawanywa kwenye milo yako yote.

Kipimo hicho sikukiokota njiani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, walichapisha mwaka 2021 matokeo ya jaribio lililohusisha watu 71 waliokuwa na dalili za kuwaweka karibu na ugonjwa wa moyo. Kila mmoja alilishwa kwa wiki nne chakula chenye viungo kidogo sana (gramu 0.5 kwa siku ya kalori 2,100), wiki nne nyingine kiasi cha kati (gramu 3.3), na wiki nne nyingine kiasi kikubwa (gramu 6.6). Viungo na majani makavu vilikuwa vya aina 24. Chakula chenyewe hakikubadilika: kilikuwa kile Mmarekani wa kawaida anachokula, chenye mafuta na chumvi yake ile ile.

Presha ilipopimwa kwa saa 24 mfululizo, kipimo kikubwa kilishusha namba ya juu kwa karibu milimita 2 za zebaki kikilinganishwa na kipimo cha kati, na namba ya chini kwa kama milimita 1.5 kikilinganishwa na kipimo kidogo. Kolesteroli haikutikisika. Sukari ya asubuhi kabla ya kula haikutikisika pia.

Milimita mbili! Nilipoisoma mara ya kwanza nilikaribia kuliacha somo lenyewe. Kilichonirudisha ni kufikiri kwamba watu wale hawakupunguza chumvi hata chembe. Viungo peke yake, juu ya chakula kibovu, vilisogeza presha kidogo. Sasa je, vikitumika kumwondolea mtu chumvi, sukari na mafuta ya ziada mdomoni bila chakula kuwa chapwa? Hapo ndipo faida kubwa ilipo, na ndiyo maana hatua ndefu kuliko zote humu inahusu chumvi.

Hatua ya 1: Jipime kabla hujagusa kinu

Bila namba za mwanzo hutajua kama kuna kilichobadilika. Pima presha nyumbani kwa siku saba, asubuhi kabla ya dawa na chai, na jioni kabla ya chakula. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, miguu sakafuni, usiikunje nne. Tulia dakika tano bila kuongea wala kushika simu. Mkono uegemee kitu, ukanda uwe usawa wa moyo na juu ya ngozi, si juu ya nguo. Pima mara mbili kwa kupishanisha dakika moja, andika zote. Namba za siku ya kwanza zitupe, maana siku hiyo moyo huwa na wasiwasi wa mashine. Tafuta wastani wa zilizobaki.

Ukiwa na kipimo cha sukari, pima ya asubuhi kabla hujala kwa siku tatu nne. Wastani wa presha ukifika 135/85 nyumbani, au sukari ya kufunga ikigonga milimoli 7.0 kwa lita (sawa na 126 kwa kipimo cha miligramu), nenda kwanza ukaonwe na mganga. Jiko linaweza kusubiri.

Andika pia dawa zote unazomeza. Utaihitaji orodha hiyo hatua ya 7.

Hatua ya 2: Pata viungo vyenye uhai, na visivyo na sumu

Harufu ya kiungo ni mafuta yake, na mafuta hayo hupotea. Mbegu nzima zikitunzwa vizuri hudumu miaka miwili hadi mitatu. Unga huanza kufa baada ya miezi sita, na ukipita mwaka unakuwa rangi tu. Sugua kidogo kiganjani na unuse. Kama hakuna kinachopanda puani, hakuna kitakachopanda kwenye sufuria.

Nunua vizima vile unavyoweza kuvisaga: giligilani, bizari nyembamba, pilipili manga, iliki, karafuu, mdalasini. Vihifadhi kwenye chupa zenye mfuniko unaobana, gizani, mbali na jiko. Kosa linalofanywa na karibu kila mpishi, mimi nikiwemo kwa miaka mingi, ni kuitikisa chupa juu ya sufuria inayotoa mvuke. Mvuke unaingia, unga unaganda, ukungu unaota. Ukungu kwenye pilipili na kungumanga unaweza kuzaa aflatoksini, sumu inayoshambulia ini na isiyoondoka kwa kupikwa. Chota kwa kijiko kikavu. Chochote chenye harufu ya uvundo kitupe chote, usikwangue juu na kubakiza chini.

Manjano ina hatari yake ya pekee. Mwaka 2019 watafiti waliripoti kutoka Bangladesh kwamba mizizi ya manjano ilikuwa ikipakwa kromati ya risasi, unga wa njano wenye madini ya risasi, ili ing'ae. Risasi ni sumu ya ubongo kwa watoto, na kwa watu wazima hupandisha presha na kuumiza moyo. Yaani mtu anakula manjano ashushe presha, kumbe anaipandisha. Rangi inayowaka kupita kiasi iwe sababu ya kuacha, si ya kununua. Gamba la manjano iliyokauka huwa limefifia, limekaribia hudhurungi. Utamu wa rangi uko ndani, ukiivunja. Ukikuta nje kunang'aa njano ya limau na unga unabaki vidoleni, rudisha. Mwaka 2023 risasi ilikutwa pia kwenye mdalasini uliotiwa kwenye rojo la tufaha la watoto huko Marekani, kwa hiyo kifurushi kizuri peke yake si kinga. Nunua kwa mtu au kampuni unayoweza kuirudia.

Hatua ya 3: Changanya fungu la wiki moja, bila chumvi

Hili ni fungu la mtu mmoja, gramu 45, linalotoa kama gramu 6.4 kwa siku. Tumia mizani ya jikoni, vijiko hudanganya.

Giligilani gramu 14, bizari nyembamba gramu 10, manjano gramu 6, tangawizi kavu gramu 5, pilipili manga gramu 4, mdalasini gramu 3, iliki gramu 2, karafuu gramu 1.

Weka kikaango kikavu kwenye moto mdogo. Tia giligilani, bizari nyembamba, pilipili manga, iliki na karafuu, zungushazungusha kwa dakika mbili au tatu mpaka harufu ipande na giligilani ibadilike rangi kidogo. Ikianza kutoa moshi umeshachelewa. Iliyoungua ni chungu na hakuna kitakachoiokoa. Mimina kwenye sahani baridi, acha ipoe kabisa, ndipo utwange au usage pamoja na mdalasini. Ukisaga ingali ya moto, mashine hujaa unyevu na unga hushikana. Chekecha, kisha changanya na manjano na tangawizi ambazo kwa kawaida tayari ni unga.

Ukiwa na familia ya watu wazima wanne, zidisha mara nne. Vipimo hivi si vya msahafu. Asiyependa iliki aitoe na kuongeza giligilani. Mambo mawili tu nayashikilia. La kwanza, karafuu isipande: ni kali, ikizidi hufunika kila kitu na hutia ganzi ulimini. La pili, mdalasini usipande, na sababu yake iko hatua ya 6.

Na pilipili manga isiondoke kama manjano ipo. Manjano ina kama asilimia 3 tu ya kurkumini, kile kinachosifiwa, na mwili huikataa nyingi yake. Mwaka 1998 watafiti waliwapa watu gramu 2 za kurkumini pamoja na miligramu 20 za piperini, ukali uliomo kwenye pilipili manga, na kiasi kilichoingia damuni kikaongezeka kwa asilimia 2,000. Miligramu 20 hizo zinapatikana kwenye chini ya nusu gramu ya pilipili manga. Lakini tusijidanganye na hesabu: fungu hili linakupa kama miligramu 25 za kurkumini kwa siku, wakati majaribio ya vidonge mara nyingi hutumia mamia. Pilipili manga inasaidia. Haigeuzi kijiko cha manjano kuwa kidonge.

Kwa nini mchanganyiko, usichague kimoja ukakitegemea? Kwanza ni kwa sababu jaribio lililoonyesha presha ikishuka lilitumia mchanganyiko, na hatujui ni kipi ndani yake kilichofanya kazi. Pili ni usalama: kila kiungo kinabaki kidogo, hakuna kinachofika kiwango cha kuudhi ini au tumbo. Tatu ni ulimi. Hakuna anayeweza kula gramu 6 za tangawizi kavu kila siku akabaki na furaha.

Hatua ya 4: Shusha chumvi, na hapa usiwe na haraka

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo hazijai kijiko cha chai. Wastani wa dunia ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Chumvi huvuta maji, maji hujaza mishipa, na figo zikishindwa kuyatoa kwa kasi, presha inapanda na kubaki juu.

Jaribio jingine, lililochapishwa 2015 na kuitwa SPICE, lilikabili jambo hili moja kwa moja. Watu walipewa kwanza chakula chenye chumvi kidogo kwa wiki nne. Baadaye watu 55 wakagawanywa: nusu wakafundishwa kwa wiki 20 kupika kwa viungo na majani badala ya chumvi, nusu wakaachwa wajitegemee. Mwishoni waliofundishwa walikuwa wanatumia sodiamu pungufu kwa takriban miligramu 950 kwa siku kuliko wenzao. Zidisha sodiamu kwa 2.5 upate chumvi: gramu 2.4 hivi, karibu nusu kijiko cha chai. Mtu hapati punguzo hilo kwa kuhubiriwa. Analipata kwa sababu chakula kimebaki na ladha.

Fanya hivi. Wiki ya kwanza pima chumvi unayotia sasa. Usipunguze, pima tu. Chota kiasi cha wiki nzima uweke kwenye kikopo chake, na kila mpishi wa nyumba atoe humo. Siku ya saba kikague. Wengi hushtuka. Wiki ya pili jaza kikopo robo tatu na anza kutumia fungu la viungo. Wiki ya nne jaza nusu. Ulimi huzoea kwa wiki kadhaa, na ukishazoea, chakula cha zamani utakiona kimezidi. Ukiruka kutoka kikopo kizima hadi nusu kwa siku moja, familia itaasi na chumvi itarudi mezani kwa mlango wa nyuma.

Badili pia wakati wa kuitia. Chumvi inayotiwa mwanzoni huzama ndani na ulimi hauioni vizuri. Tia viungo mwanzoni, chumvi mwishoni kabisa, moto ukiwa umezimwa, kisha kamua ndimu au limau. Uchachu hufanya chumvi kidogo ionekane nyingi. Kitunguu kilichokaangwa hadi hudhurungi nacho hufanya hivyo hivyo, nyanya iliyopikwa ikakauka vilevile.

Pilipili kali ina nafasi hapa. Watafiti wa China waliochapisha kazi yao 2017 walichunguza watu 606 na kukuta wapenda pilipili wanakula chumvi pungufu na presha yao iko chini. Ukali ulikuwa unaamsha sehemu zile zile za ubongo zinazoitikia chumvi. Kwa hiyo anayevumilia pilipili aitie bila woga. Asiyevumilia hana alichokosa, pilipili manga na tangawizi zitamfikisha.

Mtego mkubwa wa hatua hii ni viungo vilivyochanganywa tayari. Geuza pakiti usome. Kinachotajwa mwanzo ndicho kingi, na mara nyingi ni chumvi. Vipande vya supu vya kusagia kwenye mchuzi, mchuzi wa soya, viungo vya kunyunyizia nyama: vingi ni chumvi iliyovaa kanzu ya harufu. Mtu anaweza kupunguza chumvi ya kikopo na kuirudisha yote kwa kipande kimoja cha supu, halafu akashangaa mbona presha haishuki.

Ipo pia chumvi mbadala, yenye potasiamu badala ya sehemu ya sodiamu. Huko China jaribio la watu karibu 21,000, lililochapishwa 2021, lilionyesha kiharusi kikipungua kwa asilimia 14 kwa waliotumia chumvi yenye robo ya kloridi ya potasiamu. Ukiipata, itumie pamoja na viungo. Uchungu wake mdogo unamezwa na bizari. Lakini mwenye ugonjwa wa figo, au anayemeza dawa za presha zinazobakiza potasiamu mwilini, asiiguse bila ruhusa ya daktari. Potasiamu ikizidi damuni husimamisha moyo.

Hatua ya 5: Pika ili viungo vifike mwilini

Kwa mboga, maharagwe, dengu na mchuzi, anza na mafuta kidogo, kijiko kimoja cha chakula kwa sufuria ya watu wanne kinatosha. Kaanga kitunguu, punguza moto, tia viungo, koroga nusu dakika, kisha tia nyanya au maji haraka kabla havijaungua. Kurkumini na harufu nyingi za viungo huyeyuka kwenye mafuta na si kwenye maji, kwa hiyo kile kijiko cha mafuta hakipo kwa ajili ya ulafi. Zaidi ya hapo mafuta hayaongezi kitu ila kalori.

Kwa nyama, viungo viingie kabla ya moto. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichanganya viungo kwenye nyama ya kusaga kabla ya kuibanika, wakapima malondialdehaidi, kemikali inayotokea mafuta ya nyama yanapoharibika kwa joto. Kwenye nyama yenye viungo ilipungua kwa takriban asilimia 70, na kwenye mkojo wa waliokula ikapungua kwa karibu nusu. Walikuwa watu 11 tu, lakini mantiki yake ni nyepesi: viungo vinayakinga mafuta pale pale yanapoungua. Ukinyunyizia nyama ikishaiva umepata ladha, ila kinga imekupita. Paka unga, ndimu na kitunguu saumu kilichopondwa, acha saa moja au zaidi mahali pa baridi, ndipo ubanike. Na usiache iungue.

Mlo mzito unastahili viungo kuliko mlo mwepesi. Baada ya kula mafuta mengi, mafuta huelea damuni kwa saa kadhaa na mishipa hulegalega kazini. Mwaka 2011, Penn State tena, wanaume sita wenye uzito uliozidi walikula mlo wa mafuta mengi mara mbili kwa siku tofauti, mara moja na gramu 14 za viungo, mara moja bila. Kwenye ule wenye viungo, mafuta ya damuni yaitwayo trigliseridi yalipungua kwa asilimia 31 na insulini kwa 21. Sita ni wachache mno kujengea nyumba, na gramu 14 ni nyingi kiasi cha kuunguza tumbo la asiyezoea. Mimi nachukua kutoka hapo jambo moja tu: siku ya sherehe, fungu langu la viungo naliweka kwenye sahani ya nyama, si kwenye saladi.

Hatua ya 6: Badala ya sukari

Uji, maziwa, chai, matunda yaliyopikwa: tia mdalasini, iliki au tangawizi na upunguze sukari robo kila wiki mbili, kwa mwendo ule ule wa chumvi. Ulimi hudanganyika, harufu ya mdalasini na iliki huusemesha utamu ambao haupo.

Mdalasini wenyewe kutibu kisukari ni habari yenye mkanganyiko. Mwaka 2003 utafiti wa Pakistan uliohusisha wagonjwa 60 wa kisukari uliripoti sukari ya kufunga ikishuka kwa asilimia 18 hadi 29, kwa gramu 1 hadi 6 kwa siku. Dunia ikalipuka kwa shangwe. Majaribio yaliyofuata yakatofautiana, mengine yakaona kidogo, mengine yasione kabisa. Usiache dawa kwa sababu ya mdalasini.

Na usiule kwa gramu 6 pia. Mdalasini uko wa namna mbili sokoni. Wa kasia una gome nene, gumu, la mkunjo mmoja. Wa Ceylon ni magome membamba kama karatasi yaliyoviringwa kwa tabaka nyingi, na huvunjika kwa vidole. Ule wa kasia una kumarini, wastani wa miligramu 3 kwa gramu moja, ambayo ikizidi huumiza ini kwa baadhi ya watu. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya imeweka kikomo cha miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 60 anakifikia kwa gramu 2 za kasia. Mtoto wa kilo 15 anakifikia kwa nusu gramu, kwa hiyo uji wake wa kila siku unastahili mdalasini wa Ceylon, ambao kumarini yake ni chembe tu, au usubiri. Fungu la hatua ya 3 linakupa gramu 0.4 kwa siku, na bado una nafasi ya kikombe cha chai.

Uwatu unastahili mstari wake. Mbegu zake zina nyuzinyuzi zinazogeuka ute zikiroweka, na ute huo huchelewesha wanga kuingia damuni. Lakini zinahitajika gramu kadhaa, si chembe za kunukishia, na ni chungu. Roweka kijiko kimoja cha chai usiku kucha, tia asubuhi kwenye dengu au mboga, anza na kidogo kwa sababu hujaza gesi. Anayetumia insulini au vidonge vya sukari apime mara nyingi zaidi siku hizo, sukari isije ikashuka kupita kiasi.

Hatua ya 7: Toa orodha yako ya dawa

Viwango vya jikoni ni salama kwa watu wengi, wajawazito wakiwemo. Matatizo huanza na vidonge, vichupa vya mafuta na "dozi" za kulamba kwa kijiko.

Unayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kula viungo kwa kiasi kile kile kila siku, usipande ghafla, na umwambie anayekupima damu. Vidonge vya manjano, tangawizi au kitunguu saumu usivimeze bila kumuuliza. Piperini kwa wingi huzuia vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa kadhaa, hivyo vidonge vya kurkumini vyenye piperini vinaweza kuzidisha nguvu ya dawa nyingine. Na vidonge vya manjano vimeshaunguza maini ya watu kadhaa, Italia iliripoti visa hivyo 2019. Mwenye mawe kwenye nyongo au aliyewahi kupata mawe ya figo apunguze manjano, kwa kuwa huisukuma nyongo na ina oksalati nyingi, kemikali inayojenga mawe ya figo. Kiungulia kikikushika, toa pilipili kali na pilipili manga kwanza, uone.

Kungumanga sikuiweka kwenye fungu makusudi. Kwaruzo moja kwenye maziwa ni tamu. Gramu 5 zinaweza kumpeleka mtu hospitali akiwa anaona njozi na moyo unakimbia.

Hatua ya 8: Pima tena baada ya wiki nne za kikopo cha nusu

Rudia kipimo cha siku saba kwa namna ile ile, saa zile zile, mkono ule ule. Linganisha wastani na wastani, usilinganishe siku moja nzuri na siku moja mbaya.

Namba ya juu ikiwa imeshuka milimita 3 hadi 6, chumvi ndiyo iliyofanya sehemu kubwa na viungo vikaifungulia njia, endelea. Ikishuka zaidi na unatumia dawa, mweleze daktari, huenda dozi ikahitaji kupunguzwa, na kazi hiyo ni yake. Isiposhuka kabisa, rudi kwenye pakiti zote za jikoni na usome sodiamu, maana mara nyingi mwizi yumo humo: mkate, soseji, vipande vya supu, samaki wa chumvi. Kama pakiti ni safi na kikopo kimeshuka kweli, presha yako ina sababu nyingine inayotakiwa kuchunguzwa.

Kolesteroli usiitarajie ishuke kwa viungo. Hiyo inataka maharagwe, shayiri, mafuta ya mimea badala ya siagi, na kwa wengine dawa.

Unapochanganya fungu jipya, andika juu ya chupa tarehe na ulichobadili. Mimi la tatu nilipunguza karafuu hadi nusu gramu na kuongeza giligilani, ndipo nyumbani walipoacha kuulizia chumvi.